Ugonjwa wa Mapokezi

Walisema sitaweza. Mwenye duka la kona pale Langas, mtaa wetu mjini Eldoret, mtu wa kutoka Mkoa wa Kati aliyejua bei ya kila kitu, alisema mtoto wa mchanganya rangi wa kiwanda cha nguo hatafika hata Nairobi, sembuse India. Mwalimu wangu wa sayansi alisema nina kichwa cha kukariri, si cha kuelewa. Mjomba wangu alisema nitarudi baada ya muhula mmoja, nikiwa na kikohozi na Kihindi cha kuombea chakula.

Nilikwenda. Nilikaa miaka mitatu na nusu kusini mwa India, nikala wali asubuhi, mchana na jioni, nikarudi Eldoret na diploma ya teknolojia ya maabara, yenye muhuri mwekundu na sahihi tatu. Sikurudia mtihani hata mmoja. Karatasi ninazo mpaka leo, na anayetaka kuziona aje azione. Nilipata kazi katika maabara ya hospitali, nikapanga nyumba Kapsoya, nyumba ya mawe yenye bafu ndani. Nilivaa tai siku za kazi na siku za mapumziko. Watu walipoanza kuniita Daktari sikuwasahihisha. Mwenye hadubini anayajua mengi ambayo mwenye stethoskopu anayakisia tu, ndivyo nilivyoona, na bado nusu yangu inaona hivyo.

Nilirudi pia na Kiswahili. Hilo watu hawakulitarajia kutoka India. Mwenzangu wa chumbani alikuwa mtu wa Tanga, na kwa miaka yote ile alinisafisha ulimi kama anayepepeta mchele. Niliporudi sikusema tena "iko" wala "mtu yangu". Mama alikuwa akiwaambia majirani, "Msikilizeni anavyoongea. Kama redio."

Lakini aliyenipeleka India ni dada yangu. Nilikuwa nimemwacha nyuma ya cherehani yake kwenye veranda ya duka la vitambaa mjini, akishona sare za shule, na nikamkuta palepale. Alikuwa amenitangulia kuzaliwa kwa miaka sita. Aliolewa, ndoa ikavunjika bila mtoto, akarudi Langas kuishi na mama. Baba alikuwa ameshafariki. Sare zile ndizo zilizokuwa ada yangu, na katika barua zake hakuwahi kulitaja jambo hilo hata mara moja. Aliandika habari za mvua, za mahindi, na za mbwa wa jirani. Alikuwa na kicheko ambacho wateja walikisikia tangu upande wa pili wa barabara, wakavuka kuja kuona kuna nini.

Mwaka wa pili baada ya kurudi kwangu alianza kuniambia mambo ya ajabu, kwa mzaha.

"Leo sindano ni mbili," alisema mchana mmoja nilipompitia. "Cherehani imezaa."

"Umechoka. Funga kazi mapema."

"Asubuhi ni moja. Saa nane ni mbili. Sasa nashona na ipi?"

Kisha kope zikaanza kumshuka. Si kama mtu mwenye usingizi, kwa sababu mwenye usingizi kope zake hupambana. Zake zilishuka tu, polepole, kama pazia ambalo kamba yake imelegea, na yeye nyuma ya pazia akiwa macho kabisa, akihesabu vipimo. Alijifunza kuinua uso ili aone chini ya kope, na watu wakasema siku hizi anaringa, anaangalia wateja kwa pua. Kicheko nacho kikaharibika. Midomo ilikataa kupanda pembeni, ikabaki imekazwa kama ya mtu anayenusa kitu kibaya. Mama mmoja wa kikundi cha kwaya, aliyekuwa ameleta kitambaa cha sare za kumpokea Rais, alimfokea mbele ya watu.

"Kwani nimekufanyia nini unanibeza hivyo?"

"Mama, nacheka."

"Hicho ndicho kicheko? Basi siku ukikasirika tutahama mji."

Alichukua kitambaa chake akaondoka nacho. Dada alinieleza hayo jioni akiwa ameshika taya kwa mkono, kwa maana alikuwa akila mahindi, na taya lilikuwa limechoka kabla ya sahani kwisha. Sauti yake ilianza vizuri na kuishia puani. Langas ilikuwa imekwisha kutoa hukumu: anakunywa. Busaa ya asubuhi, walisema, tena ya kujificha.

Mimi nilimpeleka maabara. Nilimtoa damu kwa mikono yangu na kumfanyia kila kipimo nilichokuwa na dawa ya kupimia: malaria, homa ya matumbo, sukari, wingi wa damu, kaswende. Vyote vilikuwa safi. Nilikaa na hadubini yangu mpaka shingo ikauma, na sikuona kitu. Basi nilimwambia dada yangu, mtu mwenye diploma yenye sahihi tatu nikamwambia, kwamba hana ugonjwa.

"Damu yako ni safi kuliko yangu," nilisema.

"Basi iambie ipande juu ishike kope."

"Ni mawazo. Ni ile ndoa. Pumzika, na uache kulalamika mbele ya wateja."

Alipumzika siku mbili akarudi kazini. Miezi mitano ilipita hivyo, na miezi hiyo mitano ni yangu, hakuna wa kugawana naye.

Aliyeona ugonjwa ni daktari mzee wa chumba cha upasuaji, yule anayewatia watu usingizi na kuwaamsha. Dada alikuja siku moja kuniletea suruali aliyoipunguza, akakaa kwenye benchi nje ya maabara na uso umeinuliwa. Yule mzee alipita, akasimama, akarudi nyuma hatua tatu.

"Mama, angalia dari," alimwambia. "Usipepese. Angalia tu."

Dada aliangalia dari. Kabla dakika haijaisha kope zilikuwa zimefika chini.

"Huyu ni nani wako?" aliniuliza mimi niliyesimama mlangoni pa maabara.

"Dada yangu."

"Na wewe hukuona?"

Alitupeleka chumba kidogo kando ya upasuaji, akaandaa sindano ya dawa wanayotumia kuamsha misuli ya mtu baada ya kupasuliwa. Alimchoma mkononi, akavuta kiti, akaangalia saa. Kama robo saa hivi ikapita. Kisha jicho la kushoto likafunguka, halafu la kulia, si kwa nguvu, bali kama mtu anayeamka mwenyewe asubuhi isiyo na kazi. Dada alitutazama. Alizungusha macho chumba kizima, akaona ndoo, akaona dirisha, akaniona mimi.

"Kumbe umenenepa hivi," alisema. Akacheka kicheko chake cha zamani, na muuguzi akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Dawa ile haikudumu. Baada ya saa chache kope zilirudi chini. Lakini sasa ugonjwa ulikuwa na jina, na jina lake nilikuwa nalijua. Ndilo lililoniuma. Nyumbani nilifungua madaftari yangu ya India nikakuta ukurasa mzima kwa mwandiko wangu, wenye michoro ya rangi mbili. Mwisho wa neva haugusi msuli. Kati yao kuna pengo dogo lisiloonekana hata kwa hadubini yangu. Neva ikitaka msuli ukaze, humwaga kemikali pengoni, na ng'ambo ya pili, juu ya ngozi ya seli ya msuli, kuna protini zinazongoja. Hizo ndizo vipokezi. Kila kipokezi ni vipande vitano vilivyosimama kuzunguka tundu. Kemikali ikikaa mahali pake, tundu hufunguka, chumvi huingia, na msuli hupata habari kwamba umeitwa. Hivyo ndivyo kope hupanda. Hivyo ndivyo mtu hutafuna, humeza, hucheka na kuvuta pumzi. Katika ugonjwa huu askari wa mwili wenyewe hukosea adui, hushambulia vipokezi, wengine wanaviziba, wengine wanavibomoa. Neva inaita, kemikali inavuka, na ng'ambo hakuna wa kuipokea. Damu inabaki safi. Katika mtihani wa ukurasa ule nilipata alama zote.

Jumapili iliyofuata niliwakusanya mama, dada na majirani wawili watatu sebuleni Langas, nikawaeleza. Nilieleza kwa saa nzima. Nilichora kwenye karatasi ya kufungia sukari. Niliwaambia kwamba vidonge ambavyo tungeagiza Nairobi haviongezi vipokezi. Vinaizuia tu ile kemikali isioze haraka, ili ikae pengoni ikijaribu tena na tena mpaka ipate kipokezi kizima. Majirani waliitikia kwa vichwa jinsi watu wanavyoitikia kanisani.

Dada alikuwa amelala kwenye kochi, kitambaa kimefunika macho.

"Kwa hivyo vifungo viko," alisema kwa sauti yake ya puani. "Matundu ndiyo yameshonwa."

Ilikuwa sentensi moja, na ilikuwa sawa kabisa. Nilikunja karatasi yangu ya sukari nikasema ndiyo, unaweza kusema hivyo, ingawa jambo lenyewe ni pana zaidi.

Mama naye alishika neno kipokezi kwa mkono wa kushoto. Kesho yake kisimani alitangaza kwamba binti yake halewi, bali ana ugonjwa wa mapokezi, na mwanawe amesoma habari zake India. Miaka ile mapokezi yalikuwa neno la kila wiki: kusimama kando ya barabara tangu asubuhi, na bendera za karatasi, kungoja msafara wa mkubwa fulani ambaye pengine hapiti.

"Ugonjwa wa mapokezi!" walicheka kisimani. "Huo hata mimi ninao. Ni miguu inauma na koo limekauka."

"Na dawa yake?"

"Ni mkubwa apite basi, watu waende nyumbani!"

Halafu mmoja aliangalia nyuma kuona nani amesikia, na wote wakanyamaza. Nilimkemea mama. Nilimfanya alirudie neno, kipokezi, vipokezi, kama mtoto wa nasari. Alirudia mara mbili, na alipotoka nje alisema mapokezi.

Yule daktari mzee aliniita kabla ya vidonge kufika.

"Kuna dawa ambazo zitamuua," alisema. "Za malaria hasa. Kwinini, na klorokwini pia. Wewe ni ndugu yake na unajua kuandika. Mtengenezee kadi atembee nayo. Andika kwa lugha ambayo watu wa huko nje wataielewa."

Kwinini imeokoa watu wengi, mimi sisemi neno baya juu yake. Lakini ikifika kwenye lile pengo inafifisha ujumbe. Mtu mwenye vipokezi tele hahisi kitu. Mwenye vichache, na anayeishi kwa vile vichache, kinachofifia ni pumzi yake. Anayemtibu mtu kama huyo malaria humpa dawa nyingine, au humlaza hospitalini karibu na watu wa kumsaidia kupumua.

Niliandika kadi hiyo kwa muda wa jioni mbili. Nilikataa Kiingereza, nilitaka ieleweke. Niliiandika kwa kalamu ya wino, kwa Kiswahili ambacho hata mtu wa Tanga asingepata mahali pa kuweka kidole: "Mwenye kadi hii ana maradhi ya vipokezi vya misuli. Akipatwa na homa asipewe kwinini wala klorokwini kabla ya daktari kuulizwa." Nikaweka sahihi, na chini yake diploma yangu. Kwa mdomo sikumweleza zaidi, niliona kadi inatosha. Dada aliisoma kwa jicho moja akiwa ameinua kope kwa kidole.

"Mwandiko mzuri," alisema. Aliishonea mfuko wa plastiki akaiweka ndani ya aproni.

Vidonge vilipofika alipata mwaka mmoja mwema na nusu ya mwingine. Alimeza kimoja kila baada ya saa nne. Hakupona, lakini sindano ilibaki moja mpaka jioni, na alikula nyama kama aliyekuwa na haraka ya kufidia. Yule mama wa kwaya alirudi na kitambaa kingine, akakaa pale akingoja achekeshwe ndipo aamini. Kisha shule moja karibu na Cheptiret ikampa kazi ya sare zote, akahamishia cherehani huko, chumba kimoja kando ya barabara kuu ya Nakuru. Kila Jumamosi jioni alipanda gari kuja Langas kwa mama.

Shangazi yetu wa upande wa Busia alifariki, naye dada akaenda mazishini akakaa wiki moja. Huko mbu hawana likizo. Siku kumi hivi baada ya kurudi Cheptiret, mwili ulimwaka. Ilikuwa Alhamisi. Asubuhi alikwenda kwenye kliniki ya chumba kimoja ya dresa mstaafu, aliyewahi kufunga vidonda na kuchoma sindano hospitalini, mtu mzee wa heshima aliyewatibu wenye maduka wote wa pale. Saa nne alichomwa kwinini.

Mimi sikujua. Nilikuwa maabara nikihesabu chembe za damu za watu wengine. Saa tisa na nusu karani alikuja mbio kuniambia kuna pikapu ya viazi mlangoni na ndani yake yumo dada yangu.

Alikuwa amelazwa juu ya magunia, kichwa kwenye mapaja ya mwanamke mwenye duka jirani naye. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo kwa sababu hakuweza kuyameza. Hakuwa na sauti. Kifua kilipanda kidogo sana, kama nguo iliyoanikwa siku isiyo na upepo. Tulimkimbiza chumba cha upasuaji. Yule daktari mzee alikuja bila kofia, akampa dawa aliyokuwa nayo, akamwekea barakoa yenye mfuko wa mpira, akaanza kumpumulia kwa mkono. Mashine ya kufanya kazi hiyo kwa siku nyingi hatukuwa nayo miaka ile. Mkono ulipomchoka aliniachia mimi. Nilibonyeza, nikaachia, nikabonyeza.

Watu hawajui kwamba katika ugonjwa huu akili haiguswi. Alikuwa anasikia kila neno. Nilimwambia, "Dada, ni mimi," na kidole gumba chake kikasogea kiganjani mwangu, upana wa punje moja ya mchele. Kope zilikuwa zimefunga kabisa. Daktari alishika mfuko, nami nikaweka vidole vyangu viwili juu ya macho yake nikazifungua kope, taratibu, kama anavyofunuliwa mtoto mchanga. Aliniona. Sijui aliona wangapi. Mmoja au wawili. Nilizishikilia wazi kadiri nilivyothubutu, macho yasije yakakauka, halafu nikaziachia. Baadaye nikazifungua tena. Tulifanya hivyo mara nne. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa ya mji daktari aliponishika bega na kusema niache kubonyeza.

Dresa alikuja Langas siku ya pili ya matanga, na kilo mbili za sukari. Watu walinionyesha kwa kidole ni yupi, nami nikainuka kwenda kumpiga. Nasema kweli. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno: kwamba mtu asiye na diploma, asiyejua kusoma kadi, ameua mtu ambaye mimi nilimlinda kwa maandishi. Nilimvuta nyuma ya nyumba, karibu na kuni.

"Hukuona kadi?"

"Niliona, daktari. Alinionyesha mwenyewe, hakuificha. Tuliisoma pamoja." Alivua kofia akaishika kifuani. "Nikamuuliza, 'Mama, uko na homa?' Akasema, 'Hapana, sina homa, hata chafya sijapiga. Ni mwili unawaka na viungo vinauma.' Nikamwambia, 'Basi hiyo ni malaria, na kadi inasema homa.' Akaniambia, 'Huyo ndugu yangu anapenda kuandika. Nani hupewa kwinini kwa sababu ya homa?' Tukacheka. Hata mimi niliona mwenye kuandika anajua kazi yake, kwa sababu kweli kwinini si dawa ya homa."

Nilibaki nimesimama na mkono wangu kwenye kola yake. Kwa yule wa Tanga, homa ni mwili kuchemka. Ndivyo vitabu vinavyosema, na ni Kiswahili sahihi. Lakini kwetu huku bara, tangu nizaliwe, homa ni pua inayotiririka. Mtu mwenye homa huvaa sweta na kunywa chai ya tangawizi. Mwili ukiwaka tunasema malaria. Dada yangu alijua hivyo, mama alijua hivyo, dresa alijua hivyo, na mimi nilikuwa nimejua hivyo miaka ishirini kabla ya kwenda India. Daktari mzee alikuwa amenitamkia neno malaria kwa kinywa chake, nami nikaenda nyumbani nikalibadilisha kwa lililo bora.

Niliiachia kola yake. Nilimnyooshea ikae sawa. Nilimwambia, "Ingia ndani, mzee, unywe chai."

Tulimzika makaburi ya mji, kwa sababu babu aliuza shamba la magharibi zamani na hatukuwa na ardhi ya kumrudishia. Siku hizo tano za matanga hatukuwa na kitu chetu hata kimoja cha kutosha. Viti, vikombe, sufuria, turubai la kuzuia mvua, vyote tuliazima, kama kila nyumba ya Langas inavyoazima siku yake ikifika. Asubuhi baada ya mazishi mama alisema vitu vya watu vinarudishwa leo, visilale tena. Kwa mama chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata kuwe na msiba gani, kwa hiyo aliweka ndani ya kila kimoja mahindi mawili au konzi ya maharagwe.

Niliazima mkokoteni sokoni. Kijana mwenye mkokoteni alitaka kuuvuta mwenyewe, nikakataa. Nilivua tai nikaitia mfukoni.

Mabenchi ya kanisa yalikuwa kumi na mawili, nikayapeleka kwa safari mbili. Mzee wa kanisa aliyapokea, akapitisha mkono juu ya kila moja kutafuta msumari uliotokeza, akaniambia pole. Vikombe vya kikundi cha akina mama vilikuwa vimepungua vitatu. Mwenyekiti wao alisema matanga yasiyovunja kikombe si matanga, lakini nilikwenda dukani nikarudi na vitatu. Fundi wa baiskeli alikunjua turubai lake lote barabarani, akalikagua, akalikunja tena.

"Daktari anavuta mkokoteni leo," alisema, si kwa ubaya.

"Mimi si daktari," nilimwambia. "Ni fundi wa maabara. Ninapima damu."

"Tunajua," alisema. "Tulikuwa tunakupa tu."

Iliyobaki ilikuwa sufuria kubwa, ile ya kupikia ugali wa watu mia, ya mama mmoja mzee aliyeishi karibu na mto. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Nilishusha sufuria, akachungulia ndani akaona maharagwe, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Keti," alisema. Niliketi kwenye jiwe. "Sasa niambie wewe uliyesoma. Dada yako alikufa na nini hasa? Mama yako anasema ni mapokezi. Wengine wanasema dresa alimdunga sumu. Wengine, sijui, wanasema ni mume wa zamani."

Nilikuwa na saa nzima ya maneno kichwani, na michoro yake. Niliyaacha humo.

"Dresa hana kosa, mama. Alikuwa na malaria, na hakufaa kupewa kwinini. Mimi ndiye niliyeandika kadi ya kukataza. Niliandika akishikwa na homa asipewe. Walipoona hana homa, wakampa."

Aliacha kuchambua.

"Lakini homa ni mafua, mwanangu," alisema polepole, kama anayemwambia mgeni njia.

"Najua, mama."

"Kila mtu anajua."

"Najua."

Alichukua tena mboga yake. Hakuniambia si kosa langu, na nilimshukuru moyoni kwa hilo. Mwishowe aliinuka, akaigeuza sufuria, akaizunguka.

"Na kifuniko?"

Kifuniko nilikuwa nimekisahau. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikakitafuta, nikakikuta nyuma ya kuni kimejaa maji ya mvua. Nilikisugua kwa majivu mpaka kikang'aa kuliko tulivyokiazima, nikampelekea. Alikipokea kwa mikono miwili, akafunika sufuria yake. Ilikuwa kama saa kumi. Hapo hapakuwa na nyumba Langas iliyokuwa na kitu chake kwetu, nami nikaurudisha mkokoteni sokoni.